Jaribio Linapokwama: Tukague Mazingira Kabla ya Kulaumu Maneno

Makala haya yanaeleza tatizo ambalo wengi wetu katika kitivo tumeanza kukutana nalo tangu tuanze kutumia programu za kompyuta kuchambua maandishi: jaribio la programu linaanza vizuri, kisha linanyamaza. Halisemi limefaulu, halisemi limefeli. Nitalieleza kupitia kosa nililolifanya mimi mwenyewe Kabambare, ambalo lilikaribia kuniharibia data yote ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Sikusomea ufundi wa kompyuta. Ninaandika kama mwanafunzi wa isimu kwa wanafunzi wenzangu na walimu wetu, kwa sababu naamini tatizo hili linatuhusu sisi zaidi ya linavyowahusu mafundi.

Kazi yenyewe

Swali la utafiti wangu ni dogo. Wasemaji wa Kiswahili wa kusini mwa Maniema husema batoto au watoto? Batu au watu? Bitu au vitu? Na mtu mmoja anapotumia maumbo yote mawili, anachagua lipi, wakati gani, na anapozungumza na nani?

Kasongo na Kabambare ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Katika karne ya 19 Kasongo ilikuwa makao ya wafanyabiashara wa pwani katika Manyema, enzi za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji huo Aprili 1893. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba. Kiswahili kilifika huku na watu hao, kikakaa, na watu husema kuwa hadi leo kiko karibu na kile cha pwani kuliko Kiswahili cha Lubumbashi. Lakini nyumbani watu wanasema pia Kibangubangu, Kizimba, Kikusu na lugha nyingine, na kiambishi ba- cha watu wengi si kigeni hata kidogo masikioni mwao. Basi ba- na wa- vinaishi pamoja, wakati mwingine katika sentensi moja ya mtu mmoja.

Nilirekodi mazungumzo katika miji yote miwili, nikayaandika neno kwa neno, kisha nikayapitisha katika programu ndogo ambayo kikundi chetu kiliiandika kwa Python. Programu hiyo inafanya mambo matatu. Kwanza inakata maandishi kuwa maneno. Pili inatafuta kila neno katika orodha fupi ya Kiswahili sanifu iliyomo ndani yake. Tatu, neno lisipopatikana humo, inalitafuta katika kamusi kubwa tuliyoikusanya wenyewe, yenye maumbo ya huku kama mutoto, batoto, bitu na muzuri. Mwishoni inahesabu.

Kabla ya kuamini hesabu za programu yoyote, unaipima kwa majaribio. Jaribio ni swali ambalo jibu lake unalijua tayari. Unaipa programu sentensi yenye viambishi ba- vitatu na kuiuliza ni vingapi. Ikisema 3, jaribio limefaulu na skrini inaonyesha nukta moja. Ikisema 2, limefeli na skrini inaonyesha herufi F. Sisi tulikuwa na majaribio 24, na kwenye kompyuta ya kitivo yote yalimalizika kwa sekunde chache.

Kufeli, kuvunjika na kukwama

Nilipofika Kabambare niliyaendesha majaribio yale yale kwenye kompyuta yangu. Zilitokea nukta 6, kisha kimya. Nilingoja dakika 5, dakika 10, nikaenda kununua maji, nikarudi. Bado nukta 6.

Hapa inafaa tutofautishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo tunayaita yote "programu imekataa".

Jaribio linafeli pale programu inapotoa jibu tofauti na lile tulilotarajia. Hiyo ni habari njema kwa namna yake, kwa kuwa umeambiwa kosa liko wapi. Jaribio linavunjika pale programu inaposhindwa kuendelea na kusimama na ujumbe wa kosa: faili haipo, herufi haisomeki, nafasi ya kumbukumbu imekwisha. Hiyo nayo ni habari. Jaribio linakwama pale programu isipotoa jibu wala ujumbe. Inabaki hai lakini haisemi.

Ubaya wa kukwama ni kwamba ukimya hauna maana yake wenyewe. Anayeutazama ndiye anayeupa maana. Mimi niliupa maana isiyo yake.

Kosa langu

Nilijua jaribio la 7 ndilo la kwanza linalohusu viambishi. Yale 6 ya mwanzo yalihusu nukta, mikato na tarakimu tu. Nikafungua faili ya sentensi za jaribio hilo na kuanza kufuta mstari mmoja mmoja ili nijue ni upi unaokwamisha. Njia hiyo si mbaya. Nilipoondoa mstari wenye neno batoto, programu ilisonga mbele kidogo na kukwama tena. Nilipoondoa wenye bitu, ilisonga tena. Nikajaribu kuandika watoto mahali pa batoto, na vitu mahali pa bitu. Jaribio likapita. Nukta ya 7 ikatokea, nikashangilia peke yangu.

Hitimisho langu lilikuwa kwamba programu inashindwa na maumbo ya huku. Kwa hiyo, nikajiambia kwa muda tu, niliagiza kompyuta ibadilishe ba- kuwa wa- na bi- kuwa vi- mwanzoni mwa maneno katika maandishi yangu yote. Majaribio yote 24 yakapita kwa sekunde 3. Nilikuwa na ushahidi, au nilidhani ninao: ukiyaacha maneno ya Maniema inakwama, ukiyasanifisha inapita.

Kesho yake nilikwenda kumsomea mzee mmoja maandishi ya mazungumzo yake. Tumefundishwa kufanya hivyo katika kozi ya utafiti wa nyanjani, msemaji ayasikie maneno yake na kuyasahihisha. Nilisoma kama nusu ukurasa, akaniinua mkono.

"Mutoto yangu, hii maneno unasoma ni ya nani?"

"Ni yako, Papa."

"Hapana. Hii ni Kiswahili ya kitabu. Mimi nilisema batoto."

Niliangalia karatasi. Mstari wa chini yake baba yake alikuwa amekuwa "waba", maana kompyuta haikujua kutofautisha kiambishi na mzizi. Lakini hilo lilikuwa kosa linaloonekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Mzee huyo katika mazungumzo yale alikuwa amesema batu mara nyingi na watu mara kadhaa, hasa alipokuwa akisimulia habari za ofisini. Sasa yote yalikuwa watu. Mtu akinipa faili ile na kuniambia nirudishe ba- mahali pake, siwezi, kwa kuwa hakuna alama inayosema ipi ilikuwa wa- tangu mwanzo. Nilikuwa nimelifuta lile hasa nililokwenda Kabambare kulitafuta, na programu ilikuwa imenipongeza kwa nukta 24.

Kilichoniokoa ni sauti zenyewe, ambazo zilikuwa bado katika kinasa sauti, na daftari la mkono. Ilinichukua wiki kuyaandika upya.

Mazingira ni nini

Nilirudi Kasongo, zaidi ya kilomita 100 kwa pikipiki, nikampelekea msaidizi mmoja wa kitivo kompyuta yangu. Nikaanza kumweleza kwamba programu inakataa batoto na bitu. Akanikatiza.

"Dada, usiniambie inakataa nini. Niambie inangoja nini."

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Ili kulijibu lazima kwanza tujue neno mazingira lina maana gani kwa mafundi, na kwa bahati nzuri sisi wanaisimu tunalo neno hilo hilo tayari.

Katika fonolojia tunafundishwa kwamba sauti haisimami peke yake. Umoja ni ulimi, wingi ni ndimi. Ile l haikukosewa wala haikuharibika. Imetanguliwa na n, na katika mazingira hayo inatamkwa d. Mwanafunzi anayeona d na kusema "hapa pana kosa la tahajia" amelaumu sauti badala ya kutazama jirani yake.

Programu nayo haiendi peke yake. Inapoanza inarithi mambo mengi ambayo hayakuandikwa ndani yake: folda inayofanyia kazi, lugha na herufi zilizochaguliwa kwenye kompyuta, saa na ukanda wa saa, mtandao uliopo, na orodha ya vigeu vya mazingira. Kigeu cha mazingira ni jina lililopewa thamani nje ya programu, ambalo programu inaweza kulisoma. Kigeu PATH huiambia kompyuta itafute amri katika folda zipi. Kigeu LANG huiambia itumie lugha gani na usimbaji gani wa herufi. Kigeu TZ huweza kuiambia iko katika ukanda gani wa saa. Programu ile ile, yenye herufi zile zile, ikiwekwa katika mazingira mengine hutenda mengine, kama ile l ya ulimi.

Programu yetu ilikuwa na kigeu chake, tulichokiita KAMUSI_NJIA. Kazi yake ni kuiambia programu ile kamusi kubwa iko katika folda gani. Na kisipokuwepo? Aliyeiandika sehemu hiyo aliweka njia ya akiba: programu iende kuitafuta kamusi kwenye seva ya mtandao wa ndani wa kitivo. Kwenye kompyuta ya kitivo hakuna aliyewahi kuona tofauti, maana seva iko chumba cha pili.

Sasa kisa chote kinaeleweka. Kasongo nilikuwa nimekiweka kigeu hicho kwa amri ya export katika dirisha moja la terminali. Kigeu kilichowekwa hivyo huishi katika dirisha hilo na katika programu zinazoanzishwa humo tu. Nilipofunga dirisha kilikufa. Kabambare nilifungua dirisha jipya, kigeu hakikuwepo, na programu ikafuata njia ya akiba. Ilikuwa inabisha hodi kwenye anwani inayoanza na 192.168, yaani anwani ya ndani ambayo haina maana yoyote nje ya jengo letu. Hakuna aliyeijibu hata kusema "hapana". Ingeambiwa "hapana" ingevunjika mara moja na kunionyesha ujumbe. Haikuambiwa kitu, basi ikaendelea kungoja.

Na kwa nini watoto alipita na batoto akakwama? Kwa sababu watoto yumo katika orodha fupi ya Kiswahili sanifu iliyo ndani ya programu. Programu haikuhitaji kwenda popote. Batoto hayumo, kwa hiyo ilibidi aulizwe kwenye seva isiyofikika. Neno halikuwa na kosa. Lilikuwa neno la kwanza kupita katika mlango uliofungwa. Nilipolibadilisha sikuurekebisha mlango, nilihakikisha tu kwamba hakuna mtu atakayepita hapo.

Hata ule muda wa kungoja unaweza kuhesabiwa. Katika Linux nyingi, kompyuta inayobisha hodi mahali pasipo na jibu hurudia mara kadhaa, kila mara ikingoja muda mrefu zaidi, na hukata tamaa baada ya kama dakika 2. Programu yetu ilibisha upya kwa kila neno jipya. Maandishi yenye maneno 300 yasiyo ya sanifu yangehitaji dakika 600, yaani saa 10, kabla ya kumaliza kushindwa. Kwenye nyumba ya kuchaji simu, kwa umeme wa jua, hakuna siku yenye saa 10 za namna hiyo. Ndiyo maana kwangu ilionekana kama inangoja milele.

Jinsi ya kuuliza "inangoja nini?"

Hatua alizonionyesha yule msaidizi hazihitaji mtu awe fundi. Naziandika kwa mpangilio tuliozifuata.

Kwanza, tazama kama programu inafanya kazi au imelala. Fungua dirisha la pili na uandike amri ya top. Kama programu yako inatumia karibu asilimia 100 ya kichakataji, inazunguka mahali pamoja, na huenda kosa liko ndani ya programu au data. Kama inatumia asilimia 0, haifanyi kitu chochote. Inangoja. Yangu ilikuwa 0. Kwa hatua hii moja, isiyochukua dakika, ningejua kwamba programu haikuwa ikishindana na neno batoto hata kidogo.

Pili, ikatize na usome ilipokuwa. Bonyeza vitufe vya Ctrl na C. Python, kabla ya kufa, huandika mfululizo wa mistari inayoonyesha ilikopita. Wengi wetu tunaiogopa mistari hiyo na kuifuta. Isome kuanzia chini kwenda juu. Wangu ulimalizikia katika sehemu inayofungua mawasiliano ya mtandao, na mistari michache juu yake lilikuwepo jina la kazi yetu wenyewe, ile inayotafuta kamusi.

Tatu, kama ni mtandao, tazama nani anaitwa. Amri ya ss huorodhesha mawasiliano ya kompyuta. Yaliyoandikwa SYN-SENT ni yale ambayo kompyuta imetoa salamu na haijaitikiwa. Anwani iliyo kando yake ndiyo inayongojwa.

Nne, linganisha mazingira mawili. Andika amri ya env kwenye kompyuta inayofaulu na kwenye ile inayokwama, panga orodha zote mbili kwa alfabeti, ziweke kando kwa kando. Hapa mwanafunzi wa fonolojia yuko nyumbani. Tunapotaka kujua kama sauti mbili ni fonimu mbili tunatafuta jozi ya maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kama pata na bata. Hapa vilevile tunatafuta mazingira mawili yanayotofautiana kwa kitu kimoja tu. Badilisha kitu kimoja, endesha, andika matokeo. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na jaribio likapita, hujajifunza kitu.

Tano, na hii ni yangu: wakati wote huo, usiguse data. Kama lazima uguse, fanya nakala na uiguse nakala.

Kukwama kwa pili

Tulipokirudisha kigeu KAMUSI_NJIA, majaribio yalipita yote, batoto na bitu wakiwa mahali pao. Siku mbili baadaye yalikwama tena. Safari hii sikugusa neno lolote. Niliandika top: asilimia 0. Nilibonyeza Ctrl na C: mstari wa mwisho ulikuwa amri ya kulala sekunde moja, ndani ya kazi inayongoja faili ya kufuli.

Faili ya kufuli ni faili tupu ambayo programu huiweka inapoanza kutumia kamusi, ili programu nyingine isiandike humo kwa wakati mmoja. Ikimaliza, inaifuta. Umeme ulikuwa umekatika kazi ikiwa katikati, na betri ya kompyuta yangu haihifadhi tena chochote, kwa hiyo programu ilikufa bila kufuta kufuli. Jambo hilo lilikuwa limefikiriwa: programu iliandikwa kwamba kufuli yenye umri wa zaidi ya dakika 10 ihesabiwe kuwa imeachwa, na ivunjwe.

Basi kwa nini haikuvunjwa? Kwa sababu ya saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo inayoitunza saa umeme ukizimwa, na yangu nayo imekufa. Kompyuta ilipowaka tena bila mtandao, ilijirudisha kwenye wakati wa mwisho ilioukumbuka, siku chache nyuma. Kufuli iliwekwa Ijumaa, na kompyuta ilidhani ni Jumanne. Kwa hesabu yake, kufuli hiyo ilikuwa bado haijawekwa, seuze kufikisha dakika 10. Programu ingengoja mpaka Ijumaa ifike mara ya pili.

Saa inaleta matata mengine katika nchi yetu, ambayo ina kanda mbili. Kinshasa na magharibi ziko saa moja mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, Maniema na mashariki yote ziko saa mbili mbele. Anayeweka mfumo kwenye kompyuta na kuchagua Kinshasa kwa kuwa ndiyo mji mkuu, anaona saa inachelewa kwa saa moja. Kisha anaisogeza kwa mkono. Sasa saa ya ukutani ni sahihi, lakini saa ya ndani ya kompyuta, ile ya UTC, imekosewa kwa saa moja. Faili zinazoandikwa hapo zikipelekwa kwenye kompyuta nyingine zinaonekana zimetoka siku zijazo. Dawa ni kuchagua ukanda wa Africa/Lubumbashi, ndio wetu, na kuiacha saa yenyewe bila kuisogeza.

Kupita kusiko na ukweli

Ninataka kugusa jambo moja zaidi, ambalo halikukwamisha kitu na ndiyo maana lilikaa muda mrefu bila kuonekana. Katika faili ya mipangilio ya programu yetu, lugha ilikuwa imeandikwa sw_TZ. Hakuna aliyeamua hivyo. Mfumo wetu wa Linux ulikuwa unatoa sw_KE na sw_TZ tu, mtu akachagua moja, kazi ikaendelea. Ndiyo sababu orodha fupi ya ndani ilikuwa ya Kiswahili sanifu peke yake, na ndiyo sababu batoto alihesabiwa mgeni wa kuulizwa mlangoni huku watoto akipita kama mwenyeji.

Lakini viwango vya kimataifa vinatambua zaidi ya hapo. Katika orodha ya misimbo ya lugha ya ISO 639-3, swa ni jina la jumla la Kiswahili, na chini yake kuna mawili: swh, na swc ambayo ni ya Kiswahili cha Kongo. Tukiyaweka maandishi ya Kabambare chini ya msimbo usio wake, programu haitakwama wala kufeli. Itahesabu vizuri sana, kwa kipimo cha mahali pengine. Siku hizi kila faili ya rekodi zetu inaanza kwa kutaja swc, mji na siku ya kurekodiwa, na kwa hilo nawashukuru walimu waliotukubalia.

Tunayofanya sasa

Kikundi chetu kimekubaliana juu ya mambo machache. Vigeu vyote vya mazingira vinaandikwa katika faili moja inayosafiri pamoja na programu, havibaki kichwani mwa mtu wala katika dirisha la terminali. Ile njia ya akiba ya kwenda kwenye seva tumeiondoa. Kigeu kisipokuwepo, programu inasimama na kusema kwa Kiswahili: "Sijaambiwa kamusi iko wapi." Kila ngojo limewekewa kikomo: sekunde 10 zikipita bila jibu, jaribio linavunjika na kueleza lilikuwa linangoja nini. Na jaribio la kwanza kabisa sasa halihusu lugha. Linauliza kama kamusi ipo, kama saa ya kompyuta haiko nyuma ya faili mpya zaidi iliyopo, na kama herufi zinasomeka kwa UTF-8. Likifeli hilo, mengine hayaanzi.

Rekodi za sauti na maandishi ya kwanza yanawekwa katika folda isiyoandikika. Programu inasoma humo tu. Hata nikikata tamaa tena usiku, siwezi kumsanifisha mzee wa watu.

Nilirudi Kabambare mwezi uliofuata na karatasi mpya. Nilimsomea yule mzee ukurasa ule ule. Mahali pa batoto palikuwa na batoto, na mahali alipokuwa amesema watu palikuwa na watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirekebisha jina moja la kijito, kisha akasema niendelee na ukurasa wa pili.